Nyumba Isiyojua Kukana

Watu wa Kitengela waliomfahamu Mzee Wamalwa walimpenda na kumchoka kwa sababu ileile moja: alikuwa mkweli kupita kiasi. Ukimuuliza kama chai yako imekolea, atakwambia haijakolea, tena mbele ya wageni. Alikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha saruji upande wa Athi River, na wenzake walizoea kusema kwamba penye Wamalwa hata msumari haupotei bila kutafutwa kwa jina. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa la Marafiki, watu ambao hawapendi kuapa kwa sababu, wanasema, neno la mtu linatosha lenyewe. Wengine hukaa kanisani humo miaka na mikaka na bado wanasifu chai mbaya. Yeye aliyachukua mafundisho hayo mazima mazima akayapeleka nyumbani.

Nyumbani palikuwa na mkewe, Immaculate, na mtoto wao wa pekee, Brayo. Brayo alikuwa ameshakuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini jambo alilofunzwa utotoni lilimkaa mwilini: ukikosa, sema umekosa, kisha nyamaza usubiri. Wamalwa hakuwahi kumchapa mtoto aliyekiri. Aliyechapwa ni yule aliyeanza kueleza. Kujieleza, kwa Wamalwa, kulikuwa ni uongo uliovaa suti.

Basi Brayo huyo alikuwa na bucha ndogo karibu na barabara ya Namanga, na ng'ombe wake wengi aliletewa na dalali mmoja aitwaye Kahiga, aliyewanunua mnadani Bisil. Walikuwa wamefanya biashara zaidi ya mwaka bila matata yoyote. Siku moja mchana Kahiga alikuja na ng'ombe mwekundu, jike, mnene, akasema amemnunua kwa mtu wa Kisaju na karatasi za ng'ombe huyo zitafuata. Brayo alimwamini. Alimfunga ng'ombe nyuma ya bucha, karibu na jiko la Nzisa, mama wa supu, ambaye alimwona Kahiga kwa macho yake na hata akamtania kwamba huyo ng'ombe ni mzuri kuliko mke wake. Karatasi hazikufuata. Hilo ndilo kosa la Brayo, na mimi nalitaja kwa kuwa alilifanya. Hakuna kosa lingine.

Jumamosi asubuhi polisi wawili walifika buchani pamoja na mzee wa Kimaasai, mrefu, mpole wa sauti, jina lake Meitamei. Alizunguka nyuma ya bucha, akashika sikio la yule ng'ombe, akaonyesha mkato wa ukoo wake, kisha akapapasa alama ya moto iliyokuwa ubavuni. Hakupiga kelele. Alisema tu huyu ni wangu, akabaki amemwekea ng'ombe mkono mgongoni, na ng'ombe akatulia. Brayo alipiga simu ya Kahiga. Ilikuwa imezimwa, na hadi leo hii ninavyosimulia haijawashwa.

Kituoni, afisa aliyemshika alimsomea haki zake neno kwa neno. Alimwambia anashikiliwa kwa kupatikana na mali ya wizi, kwamba ana haki ya kunyamaza, kwamba atakachosema kinaweza kutumiwa kortini, kwamba anaweza kumwita wakili. Sheria ilifanya kazi yake siku hiyo, siwezi kuisingizia. Brayo alikuwa anataka kunyamaza kwanza hadi kichwa kitulie. Ndipo baba yake alipoingia, bado amevaa koti la kazini, akasikia neno kunyamaza, akakunja uso.

Alimwambia afisa kwamba nyumba yake haina cha kuficha, kijana ataandika yote. Alimsimamia Brayo akiandika. Alipoona jina la Kahiga kwenye maelezo alimwambia mwanawe asijifiche nyuma ya mtu mwingine, kwa hivyo jina hilo likabaki kwenye mstari mmoja tu, na mistari iliyofuata yote ilikuwa ya kuomba msamaha. Nzisa wa supu naye alikuja kituoni mbio, aproni kiunoni, akitaka kuandikisha kwamba alimwona dalali akileta ng'ombe mchana kweupe. Wamalwa alimshukuru sana, akamwambia arudi kwa wateja wake, hakuna haja ya kuleta watu wa kubishana. Nzisa alimtazama kama anayemtazama mgonjwa, akaondoka. Jioni Wamalwa alimwekea mwanawe dhamana, wakaambiwa wafike kortini Kajiado Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Immaculate alitaka wakili. Alikuwa na binamu aliyefanya kazi kwa wakili mmoja mjini, akasema angalau waulize. Wamalwa alisema wakili ni wa mtu anayetaka kupindisha mambo, na hapa hakuna cha kupinda: ng'ombe amepatikana kwa Brayo, ng'ombe si wa Brayo, basi. Waliongea hivyo kwa siku mbili, mezani na jikoni, na Brayo amekaa katikati yao akichezea kijiko. Mama alichoka kwanza. Huwa ndiye anayechoka kwanza.

Wamalwa alikuwa na mpango wake, na si mpango mbaya, ndiyo maana unauma. Alijua kwamba Wamaasai wana njia yao ya kumaliza maneno. Akaomba ruhusa kazini, akamchukua Brayo mpaka kwa Meitamei, ng'ambo ya Bisil, wakaenda na sukari, majani ya chai na blanketi. Wazee wanne walikaa nao kivulini mwa nyumba. Desturi yao ni kwamba aliyekosa husema amekosa, na husema bila kuweka "lakini" hata moja. Ukiweka "lakini", wazee huinuka na kukuambia urudi siku nyingine utakapokuwa tayari. Brayo alianza kusema kwamba yeye alinunua, na mzee mmoja akainua fimbo yake kidogo tu kutoka ardhini. Wamalwa alimgusa mwanawe kiwiko. Brayo akameza maneno yaliyobaki, akasema, "Nimekosa. Naomba mnisamehe."

Walikubaliana Brayo atoe mtamba mmoja juu ya yule ng'ombe aliyerudishwa. Meitamei alisimama, Brayo akainamisha kichwa jinsi vijana wa huko wanavyoinamia wazee, na Meitamei akaweka kiganja chake juu ya utosi wake.

"Hiyo maneno imekwisha," alisema. "Sasa wewe ni kijana yangu. Mimi nitakuja Kajiado, nitaambia jaji sina shida na wewe."

Wamalwa alirudi nyumbani mwepesi. Alimwambia mkewe kwamba amekutana na watu wenye dini yake, hata kama hawaendi kanisa lake. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile alimaliza ugali wake wote. Hata Brayo alicheka kidogo usiku huo, na Immaculate alipomsikia akicheka aliamua kuacha kabisa maneno ya wakili.

Alhamisi Wamalwa na Brayo walifika Kajiado mapema. Meitamei alikuwa ameshafika, ameketi kwenye benchi la nje na blanketi lake jekundu, akasalimiana na Wamalwa: sopa, ipa, habari ya nyumbani, habari ya mifugo. Korti ilikuwa haijaanza. Mwanamke kijana aliyevaa suti nyeusi, mkoba begani, alikuwa anapita benchi hadi benchi akiuliza ni nani hana wakili. Alijitambulisha kwa jina la Kamene, wakili, akasema siku hiyo alikuwa anawasaidia watu bila malipo. Alimuuliza Brayo anashtakiwa nini, na Brayo alipomjibu, swali lake lililofuata lilikuwa kama alijua ng'ombe huyo aliibiwa. Brayo alifungua mdomo. Wamalwa akamjibia. Alisema kwa heshima yote kwamba wanamshukuru, lakini wao hawakuja kukana, wamekuja kumaliza, na mwenye ng'ombe ndiye huyu hapa.

Kamene alimtazama Meitamei, akamtazama Brayo. Alisema kama wamepatana ndiyo afadhali zaidi, wasikubali mashtaka kwanza, waombe muda. Wamalwa alitabasamu kwa upole. Alikuwa ameshasikia vya kutosha: mwanamke huyu anataka mwanangu asimame mbele ya watu aseme si kweli, na ni kweli. Kamene aliitwa upande wa pili na mtu mwingine, akaenda akigeuka nyuma.

Walipoitwa ndani, Brayo alisimama kizimbani. Hakimu alikuwa mtu wa makamo, miwani puani, asiye na haraka. Karani alisoma mashtaka kwa Kiswahili: kwamba wewe, Brian Wamalwa, ulipatikana na ng'ombe mmoja mwekundu, mali ya Meitamei, huku ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba ng'ombe huyo ameibiwa. Ni kweli au si kweli?

"Ni kweli," Brayo alisema.

Hakimu alivua miwani. Alimweleza kwamba kosa hilo ni kubwa, kwamba sheria inaruhusu afungwe hata miaka kumi na minne, kwamba halazimishwi kukubali, na akisema si kweli hatahesabiwa mkaidi. Akamuuliza tena. Brayo akasema ni kweli. Basi kiongozi wa mashtaka akasoma maelezo ya tukio zima: ng'ombe aliibwa lini, alipatikana wapi, nani alimtambua, na kwamba mshtakiwa alijua anachofanya, kwa kuwa alimchukua ng'ombe bila kibali cha kumsafirisha. Mstari ule mmoja wenye jina la Kahiga haukusomwa.

"Umesikia maelezo hayo," hakimu alisema. "Ni ya kweli yote? Kama kuna sehemu si kweli, niambie sasa."

Huo ndio uliokuwa mlango, na ulikuwa wazi. Neno moja tu, sikujua, na hakimu angefuta kule kukubali kwake na kuandika kwamba amekana, na kesi ingeanza upya kama kesi. Brayo aligeuza shingo akamtafuta baba yake kati ya watu. Wamalwa alikuwa kwenye benchi la tatu, mikono magotini, amejaa fahari na huruma kwa pamoja. Alimwona mwanawe anamtazama, akaitikia kwa kichwa.

"Ni ya kweli," Brayo alisema.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio. Hakimu alimwandika kuwa na hatia. Alimuuliza kama ana la kusema kabla ya hukumu, naye akasema anaomba msamaha, wamepatana na mwenye ng'ombe. Meitamei alisimama bila kuitwa. Hakimu alimruhusu, na yule mzee akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba amemsamehe, kijana ni wake sasa, ampe aende naye. Hakimu aliandika maneno hayo yote. Kisha akasema msamaha huo ameuzingatia na ndio utakaompunguzia, lakini wizi wa mifugo umewamaliza watu wa eneo hili, na mbele yake hayuko mtu aliyedanganywa, yuko mtu aliyekubali kwamba alijua. Akampa miaka mitatu. Akamwambia ana siku kumi na nne za kukata rufaa.

Wamalwa hakuelewa. Alibaki ameketi akingoja sehemu inayofuata, ile ya kusamehewa. Alipoona Brayo anashikwa mkono na kupelekwa mlango wa pembeni, ndipo alipoinuka, na askari akamwomba kwa adabu atoke nje kwa kuwa kesi nyingine inaitwa.

Kamene aliwakuta uani. Meitamei alikuwa akimuuliza kila aliyepita mahali pa kwenda kuongea na jaji tena. Yule wakili aliketi kando ya Wamalwa kwenye ukuta mfupi. Alimuuliza habari ya ng'ombe tangu mwanzo, na Wamalwa akaeleza yote: Kahiga, Nzisa, maelezo ya polisi, Bisil. Kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyopungua, maana alikuwa anajisikia mwenyewe.

"Mzee," Kamene alisema, "kukana kortini si kusema uongo. Ni kumwambia anayekushtaki, thibitisha. Hilo shtaka haliulizi tu kama ng'ombe alipatikana kwake. Linauliza kama alijua. Kama hakujua, basi jibu ni si kweli. Hiyo si kweli ndiyo ilikuwa ukweli."

Wamalwa alimuuliza kuhusu Meitamei. Kamene alimwambia kwamba mapatano yale yangeweza kumtoa. Kijana angekana, wangeomba muda, Meitamei angeandika kwamba anaomba kuondoa malalamiko yake, na korti mara nyingi huwasikiliza watu waliopatana. Nzisa angetoa ushahidi. Hata hivyo aliahidi kujaribu rufaa. Aliyekubali kosa kwa kawaida hukata rufaa juu ya kifungo tu, si juu ya hatia, isipokuwa ionekane kwamba kukubali kwake hakukuwa kwa hiari wala kwa kuelewa. Brayo angepaswa kueleza kwa nini alikubali. Hakuficha kwamba ni njia nyembamba.

Nyumbani Immaculate hakumlaumu. Wamalwa angependa alaumiwe, angekaa chini asikilize yote. Mkewe alipika, akapakua sahani tatu kwa mazoea, akairudisha moja sufuriani. Siku ya pili alienda kuifunga bucha, na Nzisa akamsaidia kuteremsha pazia la chuma. Immaculate alilia hapo, begani pa mama wa supu, si nyumbani. Jumapili Wamalwa aliombwa kuongoza maombi kanisani, akasema sauti yake haiko sawa, na ilikuwa kweli.

Siku ya kumtembelea Brayo gerezani alienda peke yake, kwa kuwa Immaculate alisema hawezi kumwona vile mara ya kwanza. Walikaa wametenganishwa na waya. Brayo alikuwa amenyolewa kichwa chote na amevaa nguo za mistari zilizompwaya, na Wamalwa aliona mifupa ya shingo ya mwanawe ambayo hakuwahi kuitazama. Roho ilimuuma hadi akasahau kusalimia. Alianza moja kwa moja na mambo ya rufaa, jinsi watu hufanya wanapoogopa kuongea mengine.

"Wakili anataka useme ni kwa nini ulikubali," alisema. "Sema ni mimi nilikuambia. Usinionee huruma. Sema baba ndiye alikuambia."

"Nitasema," Brayo alijibu.

Wamalwa alishukuru. Alisema Nzisa yuko tayari, Meitamei ameshaenda kwa wakili mara mbili bila hata kuitwa, na mama anamsalimu. Brayo alisikiliza yote. Hakuwa na hasira, na hilo lilimsumbua baba yake kuliko hasira.

"Baba, ile siku hakimu aliniuliza mara ya mwisho, nilikuangalia."

"Niliona."

"Sikuwa nauliza kama nikubali. Hiyo ulikuwa umeshaniambia. Nilitaka nione kama wewe unaamini nilijua. Polisi waliniuliza kama nilijua. Huyo wakili aliniuliza kabla hata hajakaa chini. Hakimu akauliza. Wewe hukuniuliza. Nikasema pengine ni kwa sababu unajua sikujua, ndio maana huulizi. Halafu ukaniitikia na kichwa."

Wamalwa alishika waya. Nyuma yake mama mmoja alikuwa anamtajia mumewe jina la mtoto wao mchanga, na askari akitembea taratibu kati ya madawati.

"Ulidhani nilijua?" Brayo aliuliza. "Siku hiyo kwa kituo, uliposikia hiyo ng'ombe ilipatikana kwangu. Ulidhani mimi ni mwizi?"

Mzee alijitafuta moyoni, na alichokikuta huko hakikuwa kigeni. Kilikuwa pale tangu Jumamosi ile. Alikuwa amesikia neno wizi na jina la mwanawe pamoja, na bila kuuliza swali hata moja aliamini, kisha akatumia siku zote zilizofuata kumtafutia mwizi wake msamaha. Hakutaka kupoteza muda kwa kumuuliza kitu ambacho alifikiri anakijua. Alimpenda sana hata akiwa mwizi, na akauona upendo huo kuwa mkubwa.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Sijawahi."

Brayo alimtazama usoni. Alikuwa ameishi na uso huo miaka yake yote, na hakuna mtu duniani aliyeujua kumshinda. Askari alisema muda umeisha.

"Sawa, baba," Brayo alisema, akainuka. "Salimia mama."